Nani Aliyelipia Reli ya Tanga?

Hapa Tanga mazungumzo ya ukoloni hayaishi bila mtu mmoja kusema, "Mjerumani alikuwa mkali, lakini alitujengea." Nimeyasikia hayo kwenye baraza za kahawa Ngamiani, nimeyasikia kwenye basi la Lushoto, nimeyasikia hata msibani. Kisha vinatajwa kimoja kimoja: reli, boma, gati, ile Cliff Block pale Bombo, shule ya serikali ya miaka ya 1890. Wanaosema hivyo si wajinga wala hawana nia mbaya. Wanaona barabara ya leo yenye mashimo, wanaona jengo la mawe lililosimama zaidi ya miaka mia, wanalinganisha.

Mimi ni mhasibu. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeimalizia halmashauri, mapato upande huu, matumizi upande ule, na kila senti lazima ionekane imetoka fungu gani. Kwa hiyo nikisikia "alitujengea" swali langu ni la kikazi: kwa fedha ya nani? Swali hilo limenifanya nisome kila ninachokipata kuhusu fedha za serikali zilizotutawala, ya Kijerumani kwanza, ya Kiingereza baadaye. Jibu nililolipata naliamini kabisa. Tulilipia wenyewe kwa kiasi kikubwa mno, na malipo yetu mazito kuliko yote hayakuandikwa kwenye kitabu chochote cha hesabu.

Fedha ilianzia forodhani. Kabla ya Wajerumani ushuru wa pwani ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, naye hakuukusanya kwa mikono yake, aliukodisha. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, na baadaye Taria Topan, walimlipa Sultani kiasi walichokubaliana kwa mwaka, wakaweka makarani wao kwenye bandari za mwambao, na kilichozidi kikawa chao. Pembe za ndovu kutoka Ujiji na Unyanyembe, sandarusi, mpira: mzigo ukishafika pwani haukwepi karani. Majumbe, wakuu wa miji ya mwambao, nao walikuwa na ada zao kutoka kwenye misafara. Yaani pwani hii ilijua ushuru kabla ya bendera yoyote ya Ulaya, na ilijua vizuri nani anakula wapi.

Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said alitia saini mkataba ulioipa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki haki ya kuutawala mwambao na kukusanya ushuru wa forodha. Agosti kampuni ikaja kushika kazi, na haikupita muda Pangani ikawaka. Moto ukaenea Tanga, Saadani, Bagamoyo. Habari za Abushiri bin Salim na Bwana Heri, walioongoza upinzani huo, tunazijua toka shuleni, sitazirudia. Ninachotaka tukione ni fedha. Bunge la Berlin liliidhinisha marki milioni 2 mwanzoni mwa 1889 ili Hermann von Wissmann aunde jeshi la kuzima vita hivyo, na Abushiri akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka ule ule. Fedha hiyo kweli ilikuwa ya walipa kodi wa Ujerumani. Haki yao naiandika: kutushinda vitani walitugharamia.

Yaliyofuata ni mengine. Mwaka 1890 Ujerumani ilikubali kumlipa Sultani marki milioni 4 ili mwambao uwe mali ya Ujerumani moja kwa moja. Kampuni ikakopa zaidi ya marki milioni 10, na humo ndimo zilimotoka zile milioni 4. Mkopo ulipwe na nani? Serikali iliahidi kuipa kampuni marki 600,000 kila mwaka, na chanzo cha fedha hizo kilikuwa ushuru wa forodha wa mwambao huu huu. Bei tuliyonunuliwa nayo ilikatwa kwenye pembe, sandarusi, mchele na nguo zilizopita Bagamoyo, Pangani na Tanga. Mama aliyenunua doti ya kaniki, bei ikiwa imepanda kwa sababu ya ushuru, alikuwa anachangia hati ya kumilikiwa kwake mwenyewe. Nimefunga hesabu za miaka mingi na sijakutana na fungu lililoniuma kama hilo.

Jengo la forodha la zamani la Bagamoyo, la mwaka 1895, bado lipo ufukweni jirani na soko la samaki. Nikifika mji ule hupenda kwenda pale asubuhi ngalawa zikirudi. Mnada unaendelea kwa makelele: samaki wanamwagwa kwenye turubai, dalali anataja bei, akina mama wa kukaanga wanavutana na vijana wa baiskeli, na pembeni amesimama mtoza ushuru wa halmashauri na mashine yake ya POS shingoni. Safari moja nilimsikia mvuvi akimbembeleza, "Mdogo wangu, hizi ndoo mbili za mboga ya nyumbani, usizihesabu." Kijana akamjibu kwa heshima, "Shikamoo kaka, lakini jana pia ulisema mboga." Walibishana mpaka ndoo moja ikasamehewa. Nilifurahi kuona ubishi ule. Karani wa forodha wa 1895 hakuwa na diwani wa kumshitakia wala mkutano wa mtaa wa kumsomea mapato na matumizi. Aliyepanga kiwango alikuwa Dar es Salaam, ambako makao makuu yalikuwa yamehamishiwa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na aliyemsimamia yule wa Dar es Salaam alikuwa Berlin.

Turudi kwenye reli. Ujenzi ulianza hapa Tanga mwaka 1893 chini ya kampuni binafsi iliyotaka kuyafikia mashamba ya kahawa ya Usambara. Miaka mitatu baadaye ilikuwa imefika Muheza tu, kama kilomita 40, na fedha zikawa zimekwisha. Mwaka 1899 serikali ya Ujerumani ikaichukua. Korogwe ikafikiwa 1902, Mombo miaka michache baadaye, na Moshi 1911. Hapo ndipo watu wanaposema: si unaona, Berlin ililipa! Ililipa, ndiyo. Lakini ruzuku ya Berlin kwa miaka mingi sehemu yake kubwa ilikwenda jeshini, na Bernhard Dernburg alipopewa wizara ya makoloni mwaka 1907 sera ikanyooka wazi: utawala wa kiraia ujilipie kwa mapato ya koloni, Berlin ibaki na gharama ya jeshi, na reli zijengwe kwa mikopo ambayo deni lake linaandikwa kwa jina la makoloni. Mkopo unaolipwa na mtu mwingine hauitwi zawadi katika ofisi yoyote niliyowahi kufanya kazi.

Na mapato ya koloni yalikuwa nini? Forodha kwanza. Ya pili ilikuwa kodi ya nyumba.

Amri ya kodi ya nyumba ilitolewa mwaka 1897 wakati wa Gavana Eduard von Liebert, ikaanza kutozwa 1898. Kijijini nyumba ilitozwa rupia 3, mjini zaidi kulingana na nyumba yenyewe. Mwanzoni mtu asiye na rupia aliweza kuleta nafaka au kufanya kazi. Waliopita vijijini kukusanya walikuwa maakida, yaani maofisa wenyeji wa serikali, na majumbe, na wengi wa makarani wao walifundishwa kusoma na kuandika katika shule ya serikali hapa hapa Tanga. Kila nikipita kwenye majengo ya shule za kale najiuliza mzazi wa wakati ule alijisikiaje, mwanawe anarudi nyumbani na daftari, na kwenye daftari hilo limo jina la baba na kiasi anachodaiwa.

Lengo la kodi halikuwa kujaza hazina peke yake. Walowezi wa Usambara na Tanga walihitaji vibarua. Richard Hindorf alikuwa ameleta miche ya mkonge mwaka 1893, na ile 62 tu iliyonusurika safarini ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mkonge ule ukazaana, nao unahitaji mikono: kukata, kufunga mizigo, kubeba, kuanika. Mkulima mwenye mahindi yake na mbuzi wake hana sababu ya kwenda kukata majani yenye miiba kwa bwana. Mtoze kodi ya fedha taslimu, naye atakuja. Hivyo ndivyo walowezi walivyotaka, tena walitaka kodi ipande zaidi. Wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, ilifika mahali mwanamume akapewa kadi ya kazi: afanye kwa Mzungu siku 30 ndani ya miezi minne, asipofanya achukuliwe kwenye kazi za serikali. Gavana Albrecht von Rechenberg, aliyetawala kuanzia 1906, aligombana sana na walowezi hao kwa sababu yeye aliona mkulima Mwafrika anayeuza mazao yake ana faida zaidi kwa serikali. Lakini mashamba ya mkonge yaliendelea kupanuka, na kodi ikaendelea kusukuma watu.

Hapa ndipo panaponishika mimi kama mhasibu. Fungua taarifa ya mapato ya miaka ile, utaiona rupia 3 ya mtu wa Handeni. Imeandikwa. Siku alizotembea kwenda shambani kuitafuta hazimo. Chakula ambacho mkewe alilima peke yake wakati yeye hayupo hakimo. Njia iliyofyekwa bila malipo chini ya jumbe, mizigo ya safari ya Bwana Mkubwa iliyobebwa kwa ujira mdogo au bila ujira, kazi ya kufidia kodi, vyote hivyo havikuingizwa upande wa mapato kama mchango wetu. Upande wa matumizi, kinyume chake, kila msumari wa reli umepewa thamani. Ukisoma hesabu za namna hiyo lazima utaona koloni ni mzigo na Berlin ni mfadhili. Kitabu kilipangwa kionyeshe hivyo.

Kulikuwa pia na suala la fedha kubaki wilayani. Mwaka 1901 serikali iliunda mifuko ya wilaya iliyopewa sehemu ya kodi ya nyumba, ikisimamiwa na afisa wa wilaya pamoja na baraza lililosikiliza walowezi. Kwa maneno ni jambo zuri, ndicho tunachokiita leo ugatuaji. Lakini mfuko wa wilaya ya Dar es Salaam ndio uliojiingiza kwenye mashamba ya pamoja ya pamba kuanzia 1902, watu wakipelekwa kulima chini ya majumbe kwa malipo duni mno. Mpango huo ukaenea wilaya za kusini, na mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vikaanza Umatumbi kwa watu kung'oa pamba. Mfuko wa mahali ukishikwa na mtu asiye wa mahali unaweza kuumiza kuliko hazina kuu iliyo mbali.

Waingereza walipoichukua nchi mambo yakapewa majina mapya. Sheria ya kodi ya nyumba na kichwa ikatoka 1922, rupia ikaondolewa, shilingi ikaingia. Gavana Donald Cameron akaja 1925, na mwaka 1926 nchi ikagawanywa katika majimbo. Jimbo la Tanga likawa na Kamishna wake, PC, na chini yake madisii, wakuu wa wilaya. Mwaka huo huo ukaja mfumo wa watawala wa jadi wenye hazina zao: kodi inakusanywa, sehemu kubwa inakwenda hazina kuu Dar es Salaam, sehemu inarudi kwenye hazina ya wenyeji. Nimesoma jinsi hazina hizo zilivyotumia fedha na hali ni ile ile karibu kila mahali. Fungu la kwanza na kubwa ni mishahara: chifu, mazumbe (wakuu wadogo wa jadi), makarani, matarishi, mahakama. Kinachobaki ndicho kinapelekwa kwenye zahanati ya udongo, barabara ya kijiji, josho la ng'ombe. Mwananchi alikuwa analipa kodi ili apate mtu wa kumkusanyia kodi.

Halafu kuna jambo ambalo hesabu za majimbo zinalificha kabisa. Majimbo kama Magharibi na Kusini hayakuwa na zao kubwa la fedha kila mahali, lakini kodi yalidaiwa. Wanaume wa Kasulu, wa Songea, pamoja na wengine kutoka Rwanda na Burundi, wakaja huku kukata mkonge. Tunawaita manamba. Waliishi kwenye makambi ya Muheza, Korogwe na Ngomeni, kipande chao, yaani kadi ya kazi, kikitiwa alama mpaka siku 30 za kazi zitimie ndipo walipwe. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwaandikisha, SILABU. Shilingi iliyolipwa kodi kule Kasulu ilichumwa hapa, na wapo waliozikwa hapa. Wajukuu wao ndio majirani zetu wa leo.

Bei ya mkonge ilipoporomoka baada ya 1929 serikali ilitikisika. London ikamtuma Sir Sydney Armitage-Smith mwaka 1932 kukagua fedha za Tanganyika, naye akakuta deni la reli linaelemea hazina na matumizi hayalingani na mapato. Watumishi wakapunguzwa, mipango ikasimamishwa. Kodi ya kichwa haikusimamishwa. Mtu ambaye shamba la mkonge lilikuwa limemwachisha kazi aliendelea kudaiwa, na akishindwa alifanyishwa kazi badala ya fedha.

Waliosimama na kudai hesabu ni Wapare, na wakati huo Upare ulikuwa ndani ya Jimbo la Tanga. Mapema miaka ya 1940 mamlaka ya wenyeji kule ilianzisha kodi ya nyongeza kwa kupima mali ya kila mtu: ng'ombe, migomba, kahawa, shamba. Wakadirie nani? Watu wale wale wa chifu, kwa macho yao. Jirani mwenye undugu na mzee wa baraza anaandikiwa kidogo, asiye na mtu anaandikiwa kikubwa. Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka milimani wakaenda Same bomani, wakakaa pale, wakakataa kurudi. Vuguvugu lile linaitwa Mbiru, jina la pembe iliyopigwa kuita watu wakati wa hatari. Wanaume walipokaa mbali na nyumba zao, wanawake nao mwanzoni mwa 1946 wakaandamana hadi kwa wakubwa na kuwaambia: ama mmalize shauri hili waume zetu warudi, ama ninyi mtupe mimba. Mawe yakarushwa. Mwaka 1947 kodi ile ikaachwa.

Wale watu hawakukataa kuchangia. Walikuwa tayari kulipa kiwango kimoja kinachojulikana na kila mtu, hata kikiwa kikubwa kidogo. Walichokataa ni kukadiriwa na mtu asiyewajibika kwao, kwa kipimo wasichokiona, kwa matumizi wasiyoyaamua. Nawaheshimu mno. Ningekuwa na uwezo kila mwanafunzi wa uhasibu nchini angesoma habari za Mbiru kabla ya kusoma kanuni za fedha za serikali za mitaa.

Kwa babu yangu Handeni hapakuwa na Mbiru. Palikuwa na karatasi. Bibi ameitunza mpaka leo ndani ya kopo la majani ya chai, imekunjwa mara nne na mikunjo imeanza kukatika: stakabadhi ya kodi ya miaka ya 1950, ndogo kama kiganja, imeandikwa kwa penseli ya kopi ile ya zambarau. Jina la mlipaji, jina la baba yake, jina la zumbe, kiasi, mwaka, muhuri. Nyuma kuna mchoro wa mistari uliofutika, nadhani mtu aliitumia kuhesabia kitu. Nilipomuuliza kwa nini hakuitupa alinitazama akasema, "Mjukuu wangu, babu yako kutoka bila karatasi hii ilikuwa ni kutoka uchi." Akanieleza jinsi askari kanzu walivyokuwa wakijitokeza gulioni ghafla, kila mwanamume anaulizwa stakabadhi, asiye nayo anafungwa kamba na wenzake na kupelekwa bomani mbele ya wanawe. Wenye fununu walilala porini. Yeye mwenyewe aliwahi kumpelekea babu ugali msituni akiwa amebeba jembe ili aonekane anakwenda shamba. Nikamuuliza kodi hiyo ilileta nini kijijini kwao. Alifikiri kwa muda mrefu. Akasema, "Ilijenga nyumba ya karani."

Kodi ya kichwa ilifutwa baada ya uhuru, ikarudi miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, ikafutwa tena 2003. Wenye umri wangu tunawakumbuka mgambo wa kodi ya maendeleo na vizuizi vyao barabarani, na wazee waliokuwa wakiona vile vizuizi walikuwa na la kusema. Hilo nitaliandikia makala yake.

Kwa sasa nina ombi. Vitabu vya mapato na matumizi vinavyohifadhiwa Nyaraka za Taifa vina jumla tu: jimbo hili kiasi hiki, wilaya ile kiasi kile. Mtu mmoja mmoja yumo kwenye stakabadhi, na stakabadhi ziko kwenye makopo, masanduku na ndani ya misahafu ya bibi zetu, zinaliwa na mchwa. Kama nyumbani kwenu ipo, iwe ya kodi ya kichwa au kipande cha kazi ya mkonge, ipige picha pande zote mbili kwenye mwanga wa mchana, bila kuikunjua kwa nguvu. Andika wilaya, mwaka, kiasi na jina la zumbe au jumbe kama linasomeka. Majina ya watu wa familia yafiche mkipenda. Halafu muulize mwenye kuitunza mlipaji aliipata wapi ile fedha: aliuza nini, alifanya kazi wapi, alikuwa mbali na nyumba kwa muda gani. Majibu hayo yaandikeni kwa maneno yake mwenyewe, myatume pamoja na picha. Nimeshaanza kupanga daftari lenye safu mbili. Ya kwanza ni kiasi kilichoandikwa na karani. Ya pili ni kazi iliyofanywa ili kiasi hicho kipatikane, na kwenye safu hiyo hadi sasa nina mtu mmoja tu, babu yangu.